Mpira wa KONG, dawa chungu na uzio wa kukunja: tathmini ya vifaa vya mbwa mchanga anayetafuna kila kitu

Kati ya vifaa tulivyotumia nyumbani ili kuviepusha viatu, miguu ya meza na nyaya za umeme na meno ya mbwa mchanga, viwili vimebaki katika matumizi ya kila siku: mpira wa KONG, yaani kichezeo chenye uwazi ndani unaojazwa chakula, na uzio wa kukunja. Dawa chungu ya kupulizia inasaidia kwa masharti. Kamba ya kuvutana hutolewa kabatini tunapocheza naye na kurudishwa mchezo ukiisha, na mfupa wa nailoni umeondolewa kabisa. Nitaeleza sababu za kila hukumu, ingawa nitakaa zaidi kwenye huo mpira, kwa kuwa ndio watu wengi hununua, wakautupia mbwa ukiwa mtupu, kisha wakalalamika kwamba haufanyi kazi. Mbwa wetu ni jike chotara mwenye taya pana, aliyeletwa akiwa bado na meno ya utotoni na ambaye sasa anakaribia kukomaa. Mwenye mbwa mdogo wa kubebwa mkononi na mwenye mbwa wa kilo 40 watapima maneno haya kwa kadiri ya mbwa wao.

Kifaa hakiwezi kupimwa kabla ya kujua kinatakiwa kufanya kazi gani. Mtoto wa mbwa huwa na meno 28 ya utotoni, ambayo huanza kuchomoza akiwa na umri wa wiki tatu hivi. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne meno hayo hulegea na kung'oka, yakiyapisha meno 42 ya ukubwani, na shughuli hiyo kwa kawaida humalizika akiwa na miezi sita au saba. Katika kipindi hicho fizi humsumbua, naye hutafuta kitu cha kukandamiza. Matone machache ya damu kwenye kichezeo, au jino dogo lililodondoka sakafuni, si jambo la kuogopesha. Lakini chonge ya utotoni ambayo bado imesimama kando ya chonge ya ukubwani baada ya umri huo inafaa kuonyeshwa daktari wa mifugo, kwa sababu huweza kuifanya ile mpya iote vibaya.

Wengi huamini kwamba meno yakishatimia, kutafuna kutakoma kwenyewe. Ukweli ni kwamba kipindi kigumu zaidi kwa samani mara nyingi huja baadaye, kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu hivi, na kwa mbwa wa aina kubwa huweza kufika miaka miwili. Wakati huo mbwa ana taya za mkubwa, nguvu za kijana na subira ya mtoto. Safari hii hasukumwi na fizi. Anatafuna kwa sababu kutafuna kunampa raha, kunamtuliza, kunamwondolea adha ya kukaa bure, na kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya asili ya mdomo wake. Mbwa mzima mwenye afya naye hutafuna. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani si iwapo kifaa kitamkomesha mbwa kutafuna, kwa maana hakuna kitakachofanya hivyo wala hakuna haja, bali iwapo kitakuwa bora machoni pake kuliko mguu wa kiti. Kwa kipimo hicho, bidhaa nyingi zinazojaa rafuni huanguka mapema.

Historia ya mpira wa KONG inaeleza sehemu kubwa ya umbo lake. Mvumbuzi wake, Joe Markham wa jimbo la Colorado nchini Marekani, alikuwa na mbwa wa aina ya German Shepherd aitwaye Fritz, ambaye alikuwa akijiharibu meno kwa kutafuna mawe. Katika miaka ya 1970, Markham alipokuwa akitengeneza gari lake la Volkswagen, Fritz alikivamia kipande cha mpira kilichotoka kwenye springi za gari hilo na hakutaka tena kukiachia. Kampuni ilianzishwa mwaka 1976, na mpaka leo mpira wenyewe una umbo la matufe matatu yaliyobebana, kubwa chini na dogo juu, huku ndani ukiwa na uwazi. Ukiudondosha, huruka upande usioutarajia, jambo linalompendeza mbwa na kumchosha bwana wake.

Chini ya mpira huo kuna tundu pana la kuingizia chakula, na juu kuna tundu dogo ambalo wanunuzi wengi hawaulizi kazi yake. Hilo la juu hupitisha hewa. Kichezeo chenye tundu moja tu kinaweza kuufyonza ulimi wa mbwa anaporamba ndani, ulimi ukavimba na kunasa, na wapo mbwa waliohitaji daktari ili kunasuliwa. Anayenunua mpira wa aina nyingine yoyote, kwa bei yoyote, aanze kwa kuhesabu matundu.

Rangi zake nazo si pambo. Wa rangi ya waridi au buluu ni wa watoto wa mbwa, laini kiasi cha kubonyea chini ya meno ya utotoni, na umekusudiwa kwa mbwa wasiozidi miezi tisa. Mwekundu ni wa mbwa mzima wa kawaida. Mweusi ni mgumu zaidi, kwa ajili ya mbwa ambao hutafuna kwa nguvu kupita kiasi. Kosa linaloonekana mara nyingi ni mtu kumnunulia mtoto wa mbwa mpira mweusi ili "adumu nao". Mbwa mwenye fizi zinazouma hatauona mpira mgumu kama kitulizo. Atauacha, na kurudi kwenye slipa yako, ambayo ni laini, ina harufu ya mwenye nyumba, na inararuka vizuri.

Sasa matumizi. Mpira mtupu ni mpira tu, na mbwa wetu aliuchezea kwa muda mfupi kisha akautazama kama anavyoutazama ukuta. Mambo yalibadilika ulipoanza kujazwa. Tunachukua sehemu ya chakula chake kikavu, tunakiloweka kwa maji ya uvuguvugu mpaka kilainike, kisha tunaliziba tundu dogo kwa kipande kimoja, tunaugeuza mpira kichwa chini ndani ya kikombe, tunaujaza kupitia tundu pana, na kuuingiza kwenye friza pamoja na kikombe chake mpaka ugande. Baridi ina faida mbili: chakula hakimaliziki upesi, na fizi zilizovimba hupata nafuu. Akipewa, hulala kifudifudi, akaubana kati ya miguu ya mbele na kuanza kuramba ukingoni. Ulimi ukishindwa kufika, huugeuza kwa pua, akaukandamiza kwa magego ya upande mmoja ili barafu ya ndani ipasuke, akautikisa, akaudondosha, akaufuata ulikobiringikia na kuanza upya. Sakafu, hilo nalo lisemwe, haitabaki safi. Tumezoea kumpa akiwa juu ya taulo kuukuu au sehemu inayopigwa deki kwa urahisi. Akimaliza, mara nyingi hulala usingizi mzito, na usingizi ni jambo ambalo wafugaji wapya hulipuuza. Mtoto wa mbwa huhitaji kulala saa 18 hata 20 kwa siku, na aliyekosa usingizi hung'ata na kurarua vitu kwa fujo zaidi, sawa na mtoto wa binadamu anayelia kwa kuchoka.

Hata hivyo, mpira uliogandishwa usiwe somo la kwanza. Mbwa ambaye hajawahi kuuona atajaribu, atashindwa, atakata tamaa na kuondoka. Mwanzoni tuliweka chakula kikavu kinachomwagika akiugusa tu, baadaye tukachanganya na kilicholowekwa, kisha ndipo friza ikaingia. Kupanda huku kwa hatua ndiko kunakomfundisha kwamba juhudi kwenye mpira hulipa, na mbwa anayeamini hivyo ataurudia mpira hata siku ambayo ndani mmebaki harufu tu.

Wakati wa kumpa pia una uzito wake. Kama mpira hutokea kila anapokamata kiatu, atakachojifunza ni kwamba kiatu huleta chakula, na atakwenda kukitafuta kiatu. Tunaujua muda wake wa vurugu, ambao kwetu ni jioni watu wanapoanza kutulia, na mpira hutangulia vurugu hiyo. Akiwa tayari ameshika kitu cha hatari, hilo ni suala jingine: hapo tunabadilishana naye, kipande cha chakula kizuri kwa kitu alichonacho, na tumemfundisha neno "achia" kwa kulizoeza siku za amani kwa vichezeo vyake. Kumkimbiza na kumpanua mdomo kwa nguvu humfundisha kukimbia na kumeza haraka, na kitu kilichomezwa ni tatizo kubwa kuliko kitu kilichotobolewa.

Kuhusu kujaza kuna tahadhari ambayo maelezo ya kwenye mabunda hayaisemi kwa sauti ya kutosha. Watu wengi hupaka siagi ya karanga ndani, na mbwa huipenda mno, lakini baadhi ya siagi hizo zimetiwa zailitoli (xylitol), kitia utamu kinachotumiwa badala ya sukari. Kwa mbwa, zailitoli hushusha sukari ya damu kwa kasi, wakati mwingine ndani ya nusu saa, na huweza kuharibu ini. Lebo isomwe kila mara, hata kwa chapa uliyoizoea, maana viungo hubadilishwa. Chokoleti, zabibu mbichi au kavu, na vitunguu vya aina yoyote navyo visiingie. Chakula cha ndani ya mpira kitolewe kwenye mgawo wake wa siku, kwa sababu mpira ukiwa nyongeza juu ya milo kamili, baada ya miezi michache utakuwa na mbwa mtulivu na mnene. Vitamutamu vya ziada visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati anayohitaji kwa siku.

Kasoro za mpira huu, kwa maoni yangu, ni mbili. Ya kwanza ni usafi. Uwazi wa ndani haufikiki kwa kidole, na chakula kilichobaki huchacha. Bila brashi ndefu ya kusafishia chupa na kuulowesha kwanza katika maji ya moto yenye sabuni, utanuka. Ya pili ni kwamba mmoja hautoshi. Ukiwa sakafuni hauwezi kuwa kwenye friza, kwa hiyo anayekusudia kuutumia kila siku ahesabu angalau miwili, na hesabu hiyo aifanye kabla ya kulinganisha bei. Zaidi ya hapo sina la kuulaumu.

Dawa chungu ya kupulizia ni habari nyingine. Tulinunua chupa ya kampuni ambayo sitaitaja, yenye ahadi kubwa kwenye lebo. Nyingi kati ya dawa hizi hutegemea kemikali iitwayo denatoniamu, iliyogunduliwa Edinburgh mwaka 1958 katika utafiti wa dawa za ganzi, na ambayo huwekwa pia katika vimiminika vyenye sumu vya nyumbani ili watoto wasivinywe. Uchungu wake si wa mchezo. Tone likibaki kidoleni nawe ukala kwa mkono bila kunawa, utaonja dawa hiyo katika kila tonge.

Lakini ulimi wa mbwa si ulimi wa mtu. Mtu ana takriban vionjo 9,000 vya ladha, mbwa ana 1,700 hivi, na mbwa mmoja hutofautiana na mwenzake katika kuujali uchungu. Wetu aliukunja uso, akapiga chafya, akauacha mguu wa meza, akahamia mguu wa pili ambao haukuwa umepuliziwa. Hiyo ndiyo tabia ya dawa hii kwa ufupi: inalinda pale ilipo, haimwambii mbwa afanye nini badala yake. Kwenye mbao zilizopakwa vanishi ilidumu kiasi. Kwenye kitambaa cha sofa ilinywewa na kupotea mapema, na hapo ilibidi kupuliza tena na tena. Kabla ya kuipulizia kwenye kitambaa au ngozi, ijaribiwe sehemu iliyofichika, kwani inaweza kuacha alama.

Ipo namna ya kuiongezea nguvu. Kabla ya kuitumia nyumbani, dondoshea kidogo kwenye pamba na umwache mbwa aionje na kuitema mwenyewe, ili aunganishe ile harufu na ule uchungu. Baada ya hapo harufu pekee huanza kumzuia. Kwetu ilileta tofauti ya wazi. Hata hivyo, dawa hii isipulizwe kwenye waya wenye umeme. Waya uchomolewe, upitishwe nyuma ya samani, au uingizwe kwenye bomba gumu la plastiki linaloficha nyaya, na hakuna dawa yoyote itakayochukua nafasi ya hatua hiyo, kwa sababu mbwa anayetoboa waya hapati nafasi ya kujifunza. Wapo pia wanaochanganya pilipili na maji na kupuliza. Hilo sishauri, kwani huishia machoni mwa mbwa na puani mwa wenye nyumba.

Hukumu yangu kwa dawa ni kwamba inafaa kama msaidizi wa muda, kwa vitu vichache visivyohamishika, kwa mbwa ambaye tayari ana kitu halali cha kutafuna. Anayeinunua ikiwa ndiyo silaha yake pekee atanunua chupa nyingi.

Mfupa wa nailoni ndio uliotolewa nyumbani. Kwa kweli mbwa aliupenda, na hapo ndipo hatari ilipo, maana kitu kigumu kinachopendwa hutafunwa kwa muda mrefu kwa magego ya nyuma. Gego kubwa la juu, la nne katika safu ya magego ya mbele, ndilo hupasuka mara nyingi mbwa anapotafuna vitu vigumu kupita kiasi: kipande bapa hubanduka ubavuni, kiini cha jino hubaki wazi, na tiba ni kung'oa au kuziba mzizi. Kipimo kinachotumiwa sana na madaktari wa meno ya wanyama ni rahisi: bonyeza kichezeo kwa ukucha wa dole gumba, na kama hakibonyei hata kidogo, ni kigumu mno. Mfupa wetu haukubonyea. Isitoshe, baada ya kutafunwa ncha zake zilichanua na kuwa kama brashi yenye miiba, na vipande vidogo vilianza kubanduka. Pembe za kulungu, kwato na mifupa halisi havipiti kipimo hicho cha ukucha, na mfupa uliopikwa una ubaya wa ziada kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha kali. Ngozi kavu zilizokunjwa hazivunji meno, lakini hulainika na kuvimba, na mbwa mlafi humeza kipande kikubwa kikamkaba.

Kamba ya pamba ni nzuri mkononi mwa mtu na mbaya ikiachwa sakafuni. Nyuzi zake zikimezwa, ncha moja inaweza kunasa huku utumbo ukiendelea kuivuta nyingine, mpaka utumbo ukajikunja na kukatwa na uzi, na hapo ni upasuaji wa dharura. Tunavutana naye, anaifurahia kupita kiasi, kisha inarudi kabatini. Soksi na vitambaa vingine navyo viwekwe katika kundi hili la hatari. Kiatu kikuukuu, ambacho watu hukitoa kwa huruma ili kisiharibiwe kipya, hakifai kwa sababu nyingine kabisa: mbwa hana njia ya kutofautisha kiatu chakavu na kiatu cha kazini.

Uzio wa kukunja ndio kifaa ambacho hakuna anayekitangaza kwa mbwembwe, nacho ndicho kilichookoa vitu vingi kuliko vyote. Ni fremu za waya zinazounganishwa kwa pini na kuzungushwa kuwa umbo lolote. Wetu umewekwa pembeni mwa sebule, sehemu ambayo mbwa anatuona na tunamwona. Ndani mna kitanda chake, maji, mpira wa KONG na vichezeo viwili vitatu vinavyobadilishwa ili visizoeleke. Mantiki yake ni nyepesi. Kila mara mbwa anapofanikiwa kurarua mto, tendo lenyewe limemlipa, na siku inayofuata atautafuta mto. Uzio humnyima nafasi ya kulizoea kosa, na wakati huohuo ndani ya uzio kila anachokitia mdomoni ni chake. Akiwa nje ya uzio, yupo mtu anayemtazama, au amefungwa kamba nyepesi iliyoshikwa na mtu huyo. Kuwaachia watoto wa mbwa nyumba nzima na kutarajia wachague vizuri ni kuwaonea.

Kuna mipaka katika matumizi ya uzio, na kuivuka huzaa matatizo mapya. Si jela, na mbwa asipelekwe humo akikemewa, la sivyo ataanza kupakimbia. Aingie akiwa ametoka matembezini, amejisaidia, na awe ameanza kuchoka. Mtoto wa mbwa huweza kujizuia mkojo kwa saa zinazokaribia idadi ya miezi yake ukiongeza moja, kwa hiyo wa miezi mitatu asiachwe zaidi ya saa nne, na kwa hakika muda mfupi zaidi ni bora. Unaponunua, tazama kimo kwa kufikiria mbwa atakavyokuwa, si alivyo leo, na ukague nafasi kati ya waya, kwani kichwa cha mtoto wa mbwa hupenya pasipodhaniwa. Uzio mwepesi husukumwa na mbwa mwenye nguvu, na wetu tulilazimika kuuegemeza ukutani.

Yapo mazingira ambayo vifaa hivi vyote havitoshi, na mpira wa KONG, pasipo kukusudiwa, husaidia kuyatambua. Mbwa anayetafuna kwa sababu ya kukosa shughuli hutafuna chochote, wakati wowote, na akipewa mpira uliojaa akiwa peke yake ataumaliza. Mbwa anayetafuna kwa hofu ya kuachwa hushambulia mlango, fremu ya dirisha au vitu vyenye harufu ya bwana wake, mara nyingi katika nusu saa ya kwanza baada ya watu kuondoka, huku akibweka, akitokwa na mate mengi au akijikojolea. Huyo hata ukimwachia chakula akipendacho kuliko vyote, hakigusi. Ukirudi na kuukuta mpira umejaa vilevile ulivyouacha, kisha akaurukia mara tu unapoingia, hiyo ni dalili ya kuchukua kwa uzito. Simu iliyowekwa kurekodi itathibitisha. Hofu ya namna hiyo haitibiwi kwa kichezeo wala kwa dawa chungu, na kumfungia ndani ya uzio kunaweza kumfanya ajiumize akijaribu kutoka. Hapo anatafutwa daktari wa mifugo au mtaalamu wa tabia za wanyama, na mbwa huzoezwa kuachwa kidogokidogo, kwa dakika chache kwanza.

Adhabu nayo haisaidii, ingawa ndiyo inayokuja kichwani haraka mtu anapouona mto umetapakaa sebule nzima. Mbwa huunganisha jambo na matokeo yanayofuata papo hapo, si yanayokuja saa mbili baadaye. Wengi husema mbwa wao "anajua alichofanya" kwa kuwa huinamisha kichwa na kukwepa macho, lakini utafiti wa Alexandra Horowitz uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sura hiyo ya hatia hutokea zaidi pale bwana anapomkemea, hata kama mbwa hakufanya kosa lolote. Anachokisoma ni uso wako. Mbwa anayekaripiwa kila unaporudi nyumbani ataanza kuogopa kurudi kwako, na mbwa mwenye wasiwasi hutafuna zaidi.

Kwa anayekwenda kununua mpira, mambo ya mwisho ni saizi na umri wake wa matumizi. Saizi huandikwa kwa uzito wa mbwa, kuanzia ndogo kabisa hadi kubwa zaidi, na ukisita kati ya mbili chukua kubwa, kwa kuwa mpira mdogo unaweza kuingia nyuma ya mdomo wa mbwa mkubwa na kumkaba. Mtoto wa mbwa anayekua kwa kasi atahitaji kubadilishiwa saizi na rangi. Wetu alihamia mwekundu meno ya ukubwani yalipotimia, na tuliruka ule mweusi kwa sababu hakuonyesha kuuhitaji. Kabla ya kuujaza, ubinye na kuukunja chini ya mwanga: ukiona mpasuko, kingo zilizomegeka au kipande kilichopungua, utupe, hata kama mbwa bado anaupenda. Na kama kipande kilichopungua hakionekani sakafuni, naye akaanza kutapika, kukataa chakula au kushindwa kwenda haja, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo na uchukue mabaki ya mpira, ili daktari ajue anatafuta kitu cha ukubwa gani.